Taa ya Tatu

Tik, kililia kisanduku cha umeme wa jua ukutani, kabla hakujapambazuka, na taa zake tatu zikawaka kijani. Ya kwanza ilikuwa ya friji, ya pili ya pampu, ya tatu ya mashine iliyomsaidia mama yake Siwatu kupumua. Mashine ilisharudishwa hospitali baada ya mazishi, lakini taa yake iliendelea kuwaka kwa sababu hakuna aliyekiambia kisanduku.

“Shikamoo Bibi,” Raya, mtoto wa Siwatu, aliiamkia taa hiyo, kama kila siku.

“Mwanangu, ile si Bibi. Inaonyesha tu kifaa kilichopangiwa nafasi ile.”

“Mbona inawaka, basi?”

Siwatu akakisogelea kisanduku. Cherehani ya marehemu ilihitaji nafasi hiyo, na sare za watoto wa watu zilikuwa zinasubiri kushonwa. Akabonyeza kitufe, akafuta jina la mashine kwenye kioo cha kisanduku. Taa ikazimika. Raya akaishika kanga ya mama yake kwa mikono miwili.

Siwatu akaandika “cherehani”, akachomeka waya. Taa ikapepesa, ikatulia kijani.

Raya akaisogelea.

“Bibi anashona,” akasema.