Kompyuta Iliyobadili Kabila

Wajumbe wa posa walikuwa wakisubiri upande wa pili wa simu ya video, na Lugendo alikuwa bado anagombana na kompyuta yake. Programu za kampuni kubwa ya kompyuta inayotumiwa na wengi hakutaka hata kuzisikia. Alitumia mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, alioupakia mwenyewe. Sasa ukurasa wa mkutano ulimgomea: "Kompyuta yako haitambuliki."

"Hawajaijaribu hata kidogo!" alifoka. "Wameuliza jina la mfumo tu, wakafunga mlango!"

"Si uiambie idanganye, baba?" alisema bintiye Siwema. "Watu wanasubiri."

Kwa uchungu, Lugendo akaiagiza kompyuta yake ijitambulishe kwa jina la mfumo wa kampuni ileile. Papo hapo ukurasa ukafunguka: "Karibu sana!" Picha safi, sauti safi.

"Umeona? Kumbe tatizo ni jina tu! Wajinga hawa!"

Kwenye kioo cha kompyuta, kijana mchumba akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Lugendo akauliza swali lililowafukuza wachumba wawili waliotangulia. "Ninyi ni kabila gani?"

Kijana akamtazama Siwema. "Kabila lenu, mzee."

"Karibu sana, mwanangu!"

Nyuma ya kijana, wazee wake wote walikuwa wakiangalia dari.