Usafi wa Mdomo wa Mwari

Mwari, ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, aliwavusha wanyama wadogo ziwani wakiwa humo mfukoni. Siku moja Panya mlafi alitapanya maganda ya karanga ndani yake. Kinyonga naye, mwenye maringo, akatema mabawa ya nzi.

“Jamani, okoteni taka zenu,” Mwari aliomba wakiwa angani.

“Mimi abiria bwana, si mfagizi,” Panya akajibu.

“Mdomo ni wako,” Kinyonga akadakia. “Safisha mwenyewe!”

Mwari alijua njia moja tu ya kusafisha mdomo.

“Haya,” akasema, akameza.

Alipotua ng’ambo, Kindi alichungulia mfukoni.

“Loo, pasafi hapa!” akasifu, akapanda huku akimenya karanga.