Skrubu Iliyolegea

Sheria ilisema gari likiripoti kwamba dereva anayumba, basi dereva anayumba, na watoto hawaruhusiwi kupanda naye. Gari la Nasra liliripoti hivyo Jumanne, kwenye barabara kavu, akiwa mwendo wa kobe.

Fundi Mgaya alifungua sakafu chini ya kiti, akachomoa sensa ya uthabiti, kidude cha kupima kuyumba, kidogo kama kiberiti, akasonya.

"Skrubu imelegea. Takataka hii ndiyo iliyokuwa inayumba, dada, si wewe."

"Basi niandikie hivyo."

"Fomu ya serikali haina pa kuandika kosa la sensa. Ina kosa la dereva tu. Walioitunga hawajawahi kushika spana."

Nasra alirudi nyumbani akifoka, akamweleza mumewe, Mfaume, kila kitu. Mfaume alimsikiliza kwa upole uliomkera.

"Lakini gari lina sababu gani ya kukusingizia?"

"Ni skrubu, Mfaume! Unaamini skrubu kuliko mkeo?"

Asubuhi, Nasra alipoinua sufuria ya uji wa moto, mumewe aliruka kutoka kitini, akaipokea, akawaambia watoto wasogee mbali na mama. Hapo ndipo mikono yake Nasra ilipoanza kutetemeka.