Gauni la Siku ya Usaili

"Usiguse kioo," alisema mzee wa miwani, na binti akarudisha mkono kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

Ndani ya tangi, konokono wawili wa baharini wasio na gamba walijikokota juu ya jiwe, zambarau na chungwa, wadogo kuliko kidole gumba. Binti alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi, na jumba hili la viumbe wa bahari lilitangaza nafasi moja tu ya mtunzaji. Furaha na woga vilimpanda kwa pamoja hadi kicheko kikamtoka.

"Umekuja kwa usaili?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, bosi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Tuanze na maswali madogo madogo."

Binti akaketi, akakusanya gauni lake lenye rangi za kuumiza macho. Bahasha yake ya kaki akaiweka sakafuni, karibu na bahasha nyingine ya kaki iliyochomoza chini ya kiti cha mzee.

"Haya, kwa nini samaki hawawali hawa?"

"Rangi yao ni onyo, bosi. Nile ujute! Wanakula viumbe wenye miiba ya sumu, na ile miiba hawaimeng'enyi. Wanaihifadhi mgongoni iwe silaha yao."

"Kumbe silaha yenyewe ya wizi!"

"Wizi mtupu!"

Wakacheka mpaka machozi. Mzee alikuwa anaandika kiganjani.

"Na dume ni yupi?"

Binti akawatazama konokono, akakitazama kiganja cha mzee kilichojaa wino na bahasha ya kaki chini ya kiti chake, akabana midomo kuzuia kicheko kingine.

"Yule mkubwa, bosi. Dume siku zote ndiye mkubwa."

Mlango ukafunguka, karani akachungulia. "Waombaji wote wawili mmefika? Haya, mzee, anza wewe."

Mzee akanyakua bahasha yake, akamkonyeza binti, akaingia kifua mbele. Mlango haukujifunga vizuri. Binti akayasikia majibu yake yakitoka neno kwa neno: onyo, miiba, wizi mtupu. Ndani wakapiga makofi.

"Na dume," mzee akajiongezea kwa madaha, "siku zote ndiye mkubwa."

Makofi yakakatika.

"Dume?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Mzee wangu, hawa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja."

Binti akalinyoosha gauni lake la zambarau na chungwa, akasubiri zamu yake.