Dawa Ndani ya Mzizi

Daktari aliusafisha mzizi wa jino la Sikitu, akatia dawa ndani, akaliziba. "Dawa ikae wiki mbili, dada. Itakausha usaha, mfupa upone. Ila ukipigwa tena hapo, jino hatuliokoi."

Sikitu alifika nyumbani bila maumivu. Kwa miezi miwili, tangu ngumi ya mumewe ilipolipasua jino hilo, alikuwa hata kufikiri hawezi. Sasa kichwa kilikuwa chepesi. Akaanza kutwanga kisamvu.

Mumewe, baba Hamza, aliingia akiuliza alikokuwa.

"Kwa daktari wa meno."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Akainua mkono. Siku zote Sikitu alikuwa akiinama na kujikinga uso. Leo aliuchomoa mchi kinuni, akampiga nao, na wote wawili wakasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Mumewe akaanguka magotini. Alipojaribu kuinuka, alipigwa tena, begani.

"Leo siumwi, baba Hamza," Sikitu alimwambia taratibu.

Nje jirani alipiga hodi, akarudia. Sikitu alikuwa amesimama juu ya mumewe, mchi ukichuruzika maji ya kijani, akingoja kuona kama atainuka.