Mdudu wa Kwenye Pazia

Mkoba wa Zuhura ulikuwa umefungwa tangu asubuhi na gari lilikuwa likimngoja nje, ndipo mdudu mwenye mabawa ya kahawia alipoingia sebuleni na kutua kwenye pazia.

“Kipepeo huyo,” alisema Bi Kazija, mama wa mumewe, huku tayari anapanga vikombe. “Mgeni yuko njiani, na mgeni wetu ni mmoja tu. Keti, mwanangu.”

Huyo mmoja, mume wa Zuhura, alikuwa ameondoka mwaka uliopita bila kuaga. Zuhura hakuamini dalili. Lakini upweke ulikuwa umemfundisha kutazama vipepeo na nondo, na aliona kwamba uongo ukisemwa, walau usemwe juu ya mdudu anayehusika. Alisogea. Mdudu hakuyasimamisha mabawa yake yakakutana mgongoni. Aliyalaza kama paa la kibanda. Vipapasio vyake havikuwa na vifundo nchani; vilichanua kama unyoya.

“Si kipepeo, mama. Ni nondo.”

“Juzi tu umeanza kusoma wadudu, leo unamsuta kiumbe wa watu?”

“Nondo haleti mgeni. Hufuata taa tu.”

Bi Kazija aliviacha vikombe, akawasha kandili mchana ule kweupe, akaupandisha utambi hadi kioo kikaingia moshi, akaiweka kwenye dirisha linaloelekea barabarani.

Honi ililia. Zuhura alinyoosha mkono aizime kandili, mkono ukasita juu ya kioo, nao ukabaki pale hata joto lilipoanza kuuchoma.