Viazi Vitatu vya Alimbongo

Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka katikati ya nyumba, umevalishwa shati la Salomon, lile la kaki lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Kavugho mwenyewe ndiye aliyekishona kile kifungo.

Kwao walifanya hivyo. Mtu akipotea na mwili usionekane, unakatwa mgomba, unavalishwa nguo yake na kuzikwa kwa jina lake, ili waliobaki wapumzike. Saa sita katekista angefika.

Mathe, mdogo wake Salomon, alikuwa amevumilia miaka mitatu, tangu siku ile watu walipokimbia upande wa Mabalako. Nyumba iliungua, simu zikaungua na namba zote, na Salomon, mume wa Kavugho, hakuonekana tena. Mwanzoni mwa juma Mathe alimwambia: "Shemeji, uniletee alama moja kama mukubwa wangu iko muzima. Moja tu, na mie mwenyewe nitarudisha katekista kwake. Ikikosa, samedi tunazika."

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa tano na nusu.

Kavugho hakuutazama mgomba. Alimtazama mjukuu wake Keren, aliyeinamia simu pale dirishani, mahali pekee pa nyumba ile ya Butembo ambapo mtandao ulikamata.

"Soma, mjukuu wangu. Banasema nini?"

Miezi miwili Kavugho alisimulia, Keren akaandika na kutuma. Ilikuwa hadithi ya Luc, mzee aliyepanda lori bovu, kamio la zamani, kwenye garaji, akafunga mlango, na alipoufungua akajikuta wakati wa Zaire, pale Alimbongo kwenye baridi, mvua inanyesha, na Florentine wa ujana wake amesimama mbele yake na sufuria ya viazi. Ilianza katika kundi la WhatsApp la parokia, ikafika Beni, ikafika Kasugho, ikavuka mpaka kwa wakimbizi walioko Uganda. Jina la mwandishi halikuwekwa.

Ukoo wote ulijua Luc ni Salomon. Hakuna harusi ambayo Kavugho hakuisimulia: kamio limezama kwenye matope, abiria wamelala njiani, naye Kavugho akampa kijana asiyemjua viazi vitatu vya moto, vimeiva mpaka maganda yanapasuka. Walikuwa wao wawili tu nyuma ya kamio, na ile mvua.

"Batu mia mbili na kumi banatuma mioyo, Koko," Keren alimjibu bibi yake.

"Mioyo nitafanyia nini? Nipe maneno."

"Huyu anasema: 'Luc asirudi! Huku kuna nini ya kurudilia? Abakie kule kule na Florentine wake.' Mwingine: 'Mwandishi, unaniliza mbele ya bateja, banafikiri nimefiwa.' Na huyu Christa wa Beni: 'Biazi bitatu tu na bwana akapatikana! Mie napika sombe mwaka wa tano, hata jirani hajageuza shingo.'"

Keren alicheka. Kavugho alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

"Koko, banakupenda! Mbona unahuzunika?"

"Hakuna hata mumoja anakatala?"

"Iko mwalimu mumoja anakatala."

Kavugho alisimama wima, magoti yakalia.

"Anasema kamio za wakati ule hazikuwa na rangi ya bluu."

Akaketi tena, polepole.

Mathe aliingia, buti zake zimejaa udongo wa kule kwenye shimo la kaburi. "Shemeji, ungali na roman yako? Lakini bahati ilikuja hapa hapa mwaka jana, ukaiacha iende."

Alimsema mwanaume mmoja aliyetoka Kasindi, aliyedai amemwona Salomon mzima. Ili aaminiwe, alieleza mpaka mambo ya viazi vitatu na maganda yaliyopasuka. Kavugho alimpa bugali na paja la kuku, akamsindikiza mpaka njiani, hakumuuliza swali hata moja.

"Alijua hata biazi!" Mathe alisema. "Ulitaka ajue nini ingine?"

"Alibijua sana," Kavugho alijibu.

Hodi ikapigwa. Katekista aliingia, kitabu kwapani. Wanaume wanne walijipanga, wawili huku na wawili kule, wakauinua mgomba begani.

Hapo uvumilivu wa Kavugho ukakatika. Alipiga magoti mlangoni, akashika mkono wa lile shati kwa mikono miwili.

"Shemeji, dakika moja. Nakuomba. Dakika moja tu."

"Uliipata miaka tatu, shemeji." Sauti ya Mathe haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Leka mutu apumuzike. Na wewe upumuzike."

Wanaume walipiga hatua. Kavugho aliburuzwa kidogo, hakuachia. Shati lilivutika, kifungo kikang'oka, kikabingirika chini ya kiti.

"Koko!" Keren aliita kutoka dirishani. "Imeingia ingine. Namba ya Uganda. Huyu hatumi moyo, anagomba!"

"Soma."

"Koko, ni matusi tu, nitakusomea kiisha..."

"Soma, Keren! Soma kwa nguvu, Mathe asikie!"

Keren alisoma, uso umekunjamana kwa hasira:

"'We mama mwandishi, unajisifu bure mbele ya batu. Kiazi kilikuwa kimoja, na katikati kilikuwa kibichi. Nilikikula tu.'"